Sauti kutoka Kivuko Chembamba

Wenzangu waliponiaga mwezi uliopita waliniletea keki na saa ya ukutani, kisha wakaniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ya redio ilivyokuwa wakati bomba la gesi linajengwa. Wengi wao siku hizo walikuwa bado hawajazaliwa. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vimechelewa, mshahara uliisha mapema, na hayo mtayaona wenyewe.

Nilizaliwa Tabora, ambako baba yangu alikuwa na duka la vitambaa. Tulipohamia Oman nilikuwa msichana wa sekondari. Tulifikia Ibra, kwenye nyumba ya babu iliyokuwa imebakiwa na nusu ya paa, na kwa muda mrefu Kiarabu changu kilikuwa burudani ya watoto wa jirani. Kiingereza nilikuwa nacho, na Kiswahili ndicho cha nyumbani. Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, kampuni iliyopewa kazi ya kujenga bomba ilifungua kambi nje ya mji, ikawa inatafuta mtu wa kukaa kwenye redio, mwenye Kiingereza na subira. Mama aliuliza swali moja tu: nani atanirudisha nyumbani. Alipoambiwa kuna basi la wafanyakazi linaloondoka kabla ya Magharibi, akaniambia niende nikajaribu.

Bomba lenyewe lilikuwa litoke kwenye visima vya gesi katikati ya jangwa, lipite kando ya mchanga mkubwa wa Sharqiyah, lipande milima ya mashariki, kisha literemke mpaka kiwandani kando ya bahari, upande wa Sur. Lilikuwa pana kiasi kwamba mtu mzima aliweza kuingia ndani na kutambaa kwa magoti. Vikundi vya kazi vilitawanyika njia nzima: hawa wanapasua mwamba, wale wanapanga mabomba, wengine wanachomea, wengine wanafukia. Walichokuwa nacho cha kuwaunganisha ni redio, na redio zote zilikuja kwetu.

Chumba chetu kilikuwa kontena la chuma lililoinuliwa juu ya matofali. Siku ya kwanza nilimkuta humo mzee Nassor, mstaafu wa kikosi cha mawasiliano jeshini, mzaliwa wa mjini Unguja, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi kama ya kwendea harusini. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Tabora, Ami."

"Ala. Wa bara." Alifikiri kidogo. "Si neno. Kaa kitako."

Kisha akainuka akazima kiyoyozi. Nje jua lilikuwa linachoma chuma cha lile kontena, nami nikadhani ananitania. "Kile nacho kinazungumza," alisema, "na sisi tumekuja kusikiliza wengine." Tangu siku hiyo tulifanya kazi kwa feni ndogo ya mezani, tena akiigeuza iangalie ukutani kila sauti ilipokuwa ya mbali. Nyinyi mnaokaa sasa kwenye chumba chenye zulia na madirisha ya vioo viwili, mkisikia baridi, mkumbukeni Ami Nassor.

Kwa siku nyingi za mwanzo hakuniruhusu kubonyeza kitufe. Nilivaa vidude vya masikioni, nikasikiliza. Kila mtu alipomaliza kuzungumza, Ami alinigeukia. "Kasema nini?"

"Amesema wanahitaji dizeli."

"Sikukuuliza anahitaji nini. Nimekuuliza kasema nini."

"Amesema, 'Jenereta la pili linakohoa, dizeli imebaki chini.'"

"Ehe. Sasa huyo fundi wa jenereta atajua kwamba huenda si dizeli, huenda ni uchafu. Ukimwambia wanahitaji dizeli atawapelekea dizeli, na jenereta litazidi kukohoa."

Nilikasirika mara nyingi. Nilikuwa na cheti cha Kiingereza na mzee huyu ananifundisha kurudia maneno kama kasuku. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananizuia nisiweke akili yangu mahali palipohitaji akili ya mwingine.

Lugha rasmi ya redio ilikuwa Kiingereza. Madereva wengi walitumia Kiarabu, mafundi wa Kihindi walizungumza yao, na sisi tuliotoka Afrika tuliteleza kwenye Kiswahili kila tulipodhani wakubwa hawasikilizi. Ami alikuwa mkali kwa utaratibu, lakini kwa hilo hakuwa mkali. "Mtu mwenye hofu," aliniambia, "msemeshe lugha anayoiotea ndoto. Ukimaliza, waandikie wakubwa kwa Kiingereza."

Niliwajua watu kwa sauti kabla sijawajua kwa sura, na wengine sikuwaona kabisa. Nilijua nani amelala vibaya. Nilijua pia nchi kwa sauti: kundi likiwa kando ya mchanga, maneno yalikuja safi kama mtu yuko mlangoni, lilipoingia milimani, sauti ilikatika, ikarudi, ikazama. Tulikuwa na mlingoti juu ya mlima mmoja wa kupokea sauti na kuisukuma mbele, lakini milima ya mashariki ina mabonde yaliyojikunja, na ndani ya mikunjo hiyo redio zilikuwa bubu.

Kazi ngumu mwanzoni haikuwa ya hatari. Ilikuwa simu za nyumbani. Mke, kaka au jirani wa fundi alipiga kutoka Kerala au Manila kusema baba amefariki. Habari hiyo huisemi hewani, kwa kuwa kundi zima linasikia. Nilikuwa nikimwita msimamizi nimwombe amrudishe fulani kambini, kwamba anahitajika ofisini. Baada ya mara chache kila mtu alijua maana ya kuhitajika ofisini. Ikawa nikimwita mtu kwa jambo la kawaida, labda pasipoti imekwisha muda, nasikia pumzi yake inasimama. Nikajifunza kutanguliza: "Ni pasipoti tu, Joseph." Fanyeni hivyo hata leo. Mwanzo wa sentensi ndio mtu anaousikia.

Sasa nifike kwenye wadi.

Wadi, kwa wasioijua nchi yetu, ni bonde la mto ambao karibu mwaka mzima hauna maji. Unaona kokoto, miti michache, mbuzi. Mvua ikinyesha milimani, hata kama ulipo wewe jua linawaka, maji hukusanyika huko juu na kuteremka kwa pamoja. Bomba letu lilikata wadi nyingi. Iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwa na namba kwenye ramani, lakini redioni tuliiita Kivuko Chembamba, kwa sababu kuta za mlima pale zilikaribiana na mtaro wa bomba ulichukua karibu upana wote wa chini. Kuna vipande viwili virefu vya bomba vilivyokuwa vikutane hapo na kuungwa.

Msimamizi wa pale alikuwa Mturuki aliyeitwa Orhan, mtu wa maneno machache, aliyejenga mabomba nchi nyingi na kuzikumbuka kwa aina ya mawe yake. Maji ya kundi lake yaliletwa na Khalfan, dereva wa boza, lori la tangi la maji. Khalfan alipanda na boza tupu hadi kijiji kimoja juu ya wadi, akajaza kwenye kisima, akateremka. Alikuwa mtu wa Jalan Bani Bu Hassan, wazazi wake walirudi kutoka Unguja, na sauti yake ilikuwa nzito, yenye kikohozi kidogo kabla ya neno la kwanza. Sura yake nilikuwa sijaiona.

Siku moja Khalfan aliripoti kwamba wadi imeanza kuteremsha maji huko juu. Niliipeleka ripoti kama alivyoisema. Orhan akatoa watu wote, akapandisha mashine, wakakaa juu ya mwamba wakisubiri. Maji hayakuja. Yalikuwa machache, kokoto zikayanywa njiani. Saa nyingi za kazi zilipotea, upepo ukajaza vumbi kwenye viungo vilivyokuwa vimesafishwa, na Orhan, ambaye hakuwa mtu wa kufoka, aliuliza redioni kwa upole mbaya sana, "Huyo dereva wako, macho yake yamepimwa lini?"

Kambini wakampa Khalfan jina la Abu Mvua. Akiingia kantini, mtu anafungua mwavuli. Nani alileta mwavuli jangwani, sijui mpaka leo. Khalfan alicheka nao, lakini redioni alianza kusema machache: napanda, nimejaza, nateremka.

Ami Nassor alikuwa ameshastaafu mara ya pili wakati huo, amerudi kwao Samail kwenye mitende yake. Chumba kilikuwa changu.

Ilikuwa alasiri ya kiangazi. Ibra mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto. Kivuko Chembamba walikuwa kwenye siku yao kubwa, siku ya kuunga vile vipande viwili. Orhan alishaniambia asubuhi kwamba hataki kuitwa ila kwa jambo la maana. Nikasikia kikohozi.

"Kituo, Kituo, hapa boza."

"Boza, nakupata."

Akaacha Kiarabu cha kazini, akaingia Kiswahili. "Bi Salma, hii si ripoti."

"Kama si ripoti, ni nini?"

"Nakwambia wewe tu. Utakalofanya nalo ni lako. Sitaki tena habari za mwavuli."

"Khalfan, unaona nini?"

"Maji."

"Maji ya namna gani?"

"Rangi ya chai ya maziwa. Yanakuja kwa upana wote wa wadi." Akakohoa tena. "Na sasa hivi umepita mtende. Mzima, na mizizi yake. Umepita umesimama wima."

"Wewe uko wapi?"

"Mahali ninaposikika," alisema.

Jibu hilo sikulipima. Nilikuwa nimeshageukia redio ya Kivuko Chembamba. Nikamwita Orhan mara tatu ndipo akajibu.

"Ni dereva yule yule?" aliuliza.

"Ni yule yule."

"Amesema nini?"

Nikamwambia neno kwa neno: chai ya maziwa, upana wote wa wadi, mtende na mizizi yake, umesimama. Sikuongeza kwamba namwamini, wala kwamba ningekuwa yeye ningetoka. Nilisikia jenereta la kuchomelea likinguruma nyuma yake. Nilijua anachokipima. Kiungo kikikatishwa katikati huenda kikakatwa na kuanzwa upya, na safari hii ni yeye ambaye angefunguliwa mwavuli.

Kisha akasema, "Nina mtu ndani."

Fundi mmoja, Thomas wa Kerala, alikuwa ndani ya bomba, amelala kifudifudi kwenye kigari kidogo, anasafisha mshono kwa mashine ya kusaga. Alikuwa ameingilia mdomo wa mbali, amevaa vya kuziba masikio. Redio hana. Hata angekuwa nayo, chuma kile hakipitishi sauti.

Orhan alifanya mambo kwa mpangilio ambao nimewasimulia wanafunzi wangu wote. Kwanza alizima jenereta, ili mashine ya Thomas ife na taa yake izimike. Mtu akiwa gizani ghafla huuliza kulikoni. Halafu akawaamuru wengine wote wapande juu. Halafu yeye na mlinzi wa mdomo wa bomba wakaanza kuvuta kamba ya kile kigari, na mtu wa tatu akagonga bomba kwa nyundo. Hayo alinisimulia baadaye. Wakati ule aliiacha redio kifuani, kitufe kimebanwa, na mimi nilichosikia ni nyundo. Chuma kirefu kama kile kinalia kama kengele iliyozikwa. Iligonga, iligonga, na chini yake nikasikia mngurumo mwingine ambao haukuwa wa jenereta, maana jenereta lilikuwa limezimwa.

Nyundo ikasimama. Redio ikakatika.

Nikakaa na mikono juu ya meza. Kuna wakati katika kazi hii huna la kufanya, na ndio wakati mgumu kuliko yote, kwa sababu kitufe kiko pale pale na kidole kinakitaka. Ukikibonyeza unamzibia anayetaka kukuita.

"Kituo," alisema Orhan mwishowe, anahema. "Tuko juu. Wote. Thomas yuko hapa, amepoteza kiatu. Kreni imekwenda. Naiona inakwenda." Akaniambia kitu kwa Kituruki ambacho sikukielewa, nikadhani ni dua.

Hapo ndipo lile jibu la Khalfan liliponirudia. Mahali ninaposikika. Kijiji kile kilikuwa ndani ya mkunjo wa mlima, redio bubu. Kila siku aliniita akiwa ameshateremka mbali. Ili anifikie kutoka kule juu ilimbidi atoke kwenye ukingo, aingize gari katikati ya wadi, kwenye kichuguu cha kokoto ambako anga ilifunguka kuelekea mlingoti wetu.

"Boza, Boza, hapa Kituo."

Nikaita mara nyingi. Kikohozi kilipokuja nilisimama bila kujua kwamba nimesimama.

"Nakusikia, Bi Salma."

"Uko wapi, Khalfan? Sasa niambie sawasawa."

"Juu ya tangi. Maji yamefika kwenye vioo vya mlango. Nina ile redio ya mkononi."

"Gari linasogea?"

"Linatikisika, lakini halijasogea. Nilikuwa nimeshajaza. Uzito wa maji ndio umelishika." Akacheka, kicheko kifupi. "Maji ya ndani yanapigana na maji ya nje."

Nikampigia mkuu wa kambi, naye akapiga polisi, na polisi wakaomba helikopta. Jibu lilikuja kwamba milima imefunikwa na mawingu, watajaribu yakifunguka. Kijijini kulikuwa na watu, lakini hapakuwa na njia ya kuwafikia ila kwa simu ya duka, na simu ya duka haikupokewa. Mkuu wa kambi alisimama mlangoni mwa kontena, akaniambia kwa Kiingereza, "Usimwache peke yake," akaenda kuendelea kupiga simu.

Basi la wafanyakazi lilipiga honi nje. Nikampungia dereva mkono aondoke. Nilimpigia mama, nikamwambia nitachelewa, kuna mtu yuko majini. Mama hakuuliza nani wala kwa nini. "Kaa naye," alisema. "Nitakuwekea chakula."

Mtu unamwambia nini aliye juu ya tangi katikati ya mafuriko? Ami hakunifundisha hilo. Nikamuuliza watoto wake wangapi, akanitajia majina yao na nani mvivu wa kusoma. Nikamuuliza amekula nini mchana. Wali na papa mkavu, alisema, na pilipili ya mkewe. Nikamwambia sisi Tabora wali tunautia hivi, akasema wali wa bara ni wa wagonjwa. Tukabishana juu ya nazi. Nilikuwa nasikia maji chini ya maneno yake, na kila baada ya muda kitu kizito kinagonga gari, anakatiza sentensi, halafu anaimalizia.

Kisha akaachia kitufe. Aliporudi, sauti ilikuwa nyingine.

"Bi Salma, nataka umfikishie mke wangu ujumbe. Moza."

"Sema."

"Asubuhi tumegombana. Anataka kujifunza kuendesha gari. Nikamwambia nyumba moja inatoshwa na dereva mmoja. Nimeondoka sikumuaga." Akavuta pumzi. "Mwambie nimekubali. Mwambie nilikosea kusema vile mbele ya watoto."

Nilikuwa nimepeleka maneno ya kila namna, ya dizeli, ya matusi, ya msiba. Sikuwahi kukataa hata moja. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Huo siupokei," nikamwambia.

"Bi Salma..."

"Siupokei, Khalfan. Utamwambia mwenyewe. Sasa acha kuzungumza uokoe betri. Nikikuita, usiseme kitu. Bonyeza kitufe tu, nisikie."

Halafu nikasikia kitufe: tak.

Nimeulizwa na wachache niliowasimulia kama nilifanya vizuri. Sijui. Kama asingerudi, Moza angekuwa na haki ya kuyapata maneno yale, na mimi ningebaki nayo mdomoni maisha yangu yote, ningempelekea hata kwa kutambaa. Lakini niliona kwamba nikiyaandika, yeye ameshamaliza kazi yake, ameshakabidhi. Nilitaka abaki na kitu mkononi ambacho hakijakabidhiwa.

Nilimwita, tak. Nikapumzika, nikamwita, tak. Jua likashuka. Mvua ya milimani, tuliambiwa, ilikuwa imekatika, na Orhan akaripoti kwamba maji pale kwake yameacha kupanda. Nikamwita Khalfan. Hakuna. Nikamwita tena. Nikajiambia ni betri. Adhana ya Magharibi ikasikika kutoka msikiti wa kambi, nami niko mbele ya redio nasema "Boza, Boza" kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida.

Simu ya mezani ikalia.

"Kituo?" Kikohozi. "Hapa boza."

Nikaubana mkono wa simu sikioni kwa mikono miwili.

"Niko dukani kijijini. Wamenitupia kamba, maji yalipopungua wamenivuta. Boza lipo palepale. Nimepoteza ndara tu."

"Umeshampigia mkeo?"

"Bado."

"Kwa nini unanipigia mimi kwanza?"

"Dereva akifika salama anaripoti kituoni," alisema. "Si ndio utaratibu?"

Nikamwambia akate simu ampigie Moza. Kisha nikainuka nikawasha kiyoyozi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nikakaa chini yake nikalia mpaka mkuu wa kambi alipokuja na chai, akaiweka mezani, akatoka.

Siku chache baadaye nilipelekwa Kivuko Chembamba kukiona. Maji yalikuwa yamekwisha, kokoto zimekauka kama hapakutokea kitu, isipokuwa bomba. Sehemu iliyokuwa mtaroni, ambayo bado haijafukiwa, ilikuwa imeinuka na kuelea, na maji yalipoondoka yakaiacha imejipinda juu ya ardhi. Orhan alinieleza kwamba bomba tupu, hata liwe zito namna gani, ndani yake ni hewa, na hewa hutaka kwenda juu. Ilibidi wakate, wachimbe mtaro upya zaidi ndani, walishushe bomba na kulikandamiza kwa vipande vya zege vilivyoumbwa kama tandiko la punda. Kazi ya wiki nyingi ilifanywa mara mbili. Sikusikia mtu akinung'unika.

Thomas alikuja kunishukuru, nikamwambia amshukuru Khalfan. Alishamshukuru, alisema, alimpelekea mwavuli mpya, wakaucheka wote wawili.

Orhan hakuomba radhi kwa maneno. Alimwandikia mkuu wa kambi kwamba hapana mtu atakayelazimika tena kuingia wadini ili asikike, na hatafungua mtaro mpaka hilo lipatikane. Ukawekwa mlingoti mdogo juu ya bega la mlima. Ami Nassor aliitwa kutoka Samail kuchagua mahali. Alipanda kwa miguu yake, akilalamika njia nzima juu ya mawe na juu ya vijana wa siku hizi, na alipofika akaniambia nishike redio, nimwite Khalfan kisimani. Khalfan alijibu kutoka kwenye ukingo mkavu, boza limeegeshwa kivulini. Ami alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa. "Safi," alisema, akaketi juu ya jiwe, akaomba maji.

Gesi ilipopita kwa mara ya kwanza kulikuwa na hotuba pwani. Mimi nilikuwa zamu. Nilitegemea kusikia kitu, sijui nini. Watu waliripoti namba za mgandamizo kutoka kituo hadi kituo, sauti zao zimetulia, na jioni ikaisha. Wengi wa wale wenye sauti hizo waliondoka mwezi uliofuata kwenda kwenye mabomba ya nchi nyingine. Orhan alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia kwamba alikuwa na wasikilizaji wengi maishani waliomwambia wanachofikiri, ila mimi nilimwambia kilichosemwa. Nilibaki kwenye kampuni iliyolichukua bomba kulitunza, na humo nimezeekea.

Mwaka uliofuata, Alkhamisi moja asubuhi, gari dogo jeupe lilisimama mbele ya nyumba yetu Ibra, tairi moja likiwa juu ya ngazi ya jirani. Aliyeshuka upande wa dereva alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya jua. Upande wa pili alishuka mwanamume mrefu, mkono mmoja bado umeshikilia mlango, uso umepauka.

"Mimi ni Moza," alisema yule mwanamke, kwa Kiswahili cha bara kama changu. Kumbe ni wa Bujumbura. "Leseni nimeipata juzi. Nimesema safari ya kwanza ni kwako."

Khalfan akakohoa. "Kwenye tangi sikuogopa hivi," alisema.

Mama aliwapa kahawa na halua. Halafu Moza akasema anataka kuona mahali penyewe, maana mumewe akielezea hamwelewi. Tukaenda sote watatu, yeye akiendesha, Khalfan akikanyaga breki isiyokuwepo kila kona. Kutoka barabara kuu tulifuata njia ya changarawe mpaka Kivuko Chembamba. Tukashuka. Kulikuwa na kokoto, mbuzi wawili, na nguzo fupi ya njano yenye maandishi ya tahadhari.

Moza alishika kiuno, akageuka huku na huku. "Bomba liko wapi?"

"Umesimama juu yake," Khalfan alimwambia.

Akatazama miguu yake kwa muda. Niliinama nikaweka kiganja juu ya mawe. Yalikuwa na joto la jua, basi. Khalfan alinyoosha mkono akaonyesha juu ya wadi mahali ambapo boza lilikuwa, na Moza akaufuata mkono wake kwa macho, akamsogelea mpaka mabega yao yakagusana.

Kisha akainua macho zaidi, hadi kwenye vilele. Kulikuwa na wingu moja pale, dogo, jeupe.

"Mimi wingu lile silipendi," alisema. "Ingieni garini."

Hatukubishana naye. Khalfan alifungua mlango wa abiria, mimi nikapanda nyuma, na Moza akawasha gari akatutoa wadini.